Provence, kusini mwa Ufaransa, na mama, Julai: bila gari tutafika?

Wadau, mama anakuja kwangu Paris, tuna siku 4. Ana miaka 68, goti linamsumbua, na hamu yake ni mashamba ya lavenda tu. Tuanzie wapi?

— Treni ya kasi ya TGV hadi mji wa Avignon, mwendo wa saa 2 na dakika 40 hivi. Vijijini mabasi ni ya shida, Jumapili ndiyo usiseme. Kodi gari palepale stesheni.

— Dada, wahi mwanzoni mwa Julai, kabla hawajavuna. Nilimpeleka mama mkwe kwenye mashamba ya lavenda ya Valensole: tambarare, hakuna kupanda. Tulifika alfajiri, nyuki wanavuma shamba zima, akasimama kimya kanga imejaa harufu. Gordes, kijiji cha kilimani, ni ngazi na mawe. Mwonyeshe kwa mbali, kutoka barabarani.

— Asanteni mno. Nakodi gari.