Maziwa ya dang'a yalikatika nilipoyayeyusha, ndama nimempoteza. Nilikosea wapi?

Mtamba wa Pili

Habari zenu wakuu. Nina ng'ombe watatu tu wa maziwa, kwa hiyo ndama mmoja kwangu si kitu kidogo.

Mwezi uliopita mmoja alianza kuvuja maziwa siku nne kabla ya kuzaa. Akazaa alfajiri, nikamkamua: maziwa mepesi, hayana ule unjano wala uzito wa dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Sikuhangaika sana, kwa sababu kwenye friza nilikuwa na dumu la lita tano la dang'a nililolitunza tangu ng'ombe mwingine alipozaa miezi mitano nyuma. Nikajiona mjanja kweli.

Dumu lilikuwa jiwe. Nikalitumbukiza kwenye maji yaliyotoka jikoni yakichemka, yakipoa naongeza mengine. Saa nzima ikapita, pembeni maziwa yameshakatika mabonge kama mayai ya kuvuruga, katikati bado barafu. Nilipokuja kupata lita moja na nusu ya kupita kwenye chujio, ndama alikuwa na saa tano tangu azaliwe. Yaliyobaki niliyaacha kwenye ndoo nikampa jioni. Siku ya tatu akaanza kuhara, ya sita akafa.

Jirani ananiambia dang'a likishagandishwa halifai tena, nimejisumbua bure. Ni kweli? Ng'ombe wa pili anazaa baada ya wiki tatu na sitaki kurudia. Nisemeni tu, nimeshakubali kosa.

Kiwele Safi

Pole sana mkuu. Jirani yako kakosea. Baridi haiui kingamwili, zile protini za kinga zilizomo kwenye dang'a; moto ndio unaoziua. Dang'a lililogandishwa vizuri kwenye nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri linakaa miezi mingi, wengi wanahesabu hadi mwaka, na likiyeyushwa kwa adabu ndama anafaidi karibu kama lililotoka kiweleni.

Wewe uliua mara mbili. Ukishapita nyuzi 60 zile protini zinaanza kukatika. Hayo mabonge uliyoyachuja ndiyo yaliyokuwa kinga yenyewe, ukampa ndama maji yake. Na saa tano nazo si mchezo. Ndama anazaliwa bila kingamwili mwilini kwa sababu kondo la ng'ombe halizipitishi, zote anazipata kwa mdomo. Utumbo wake unazipitisha kwenda kwenye damu kwa muda mfupi tu: saa za mwanzo mlango uko wazi, kila saa unasogea kufungwa, ikifika saa 24 umeshajifunga. Lenga mlo wa kwanza ndani ya saa mbili. Kiasi ni asilimia 10 ya uzito wake, yaani ndama wa kilo 40 anahitaji lita 4, kisha lita 2 nyingine kati ya saa ya 8 na ya 12.

Lita moja na nusu ya maji yaliyochujwa, saa ya tano... hapo hata asingehara ningeshangaa.

Babu wa Zizi

Mnajisumbua vijana. Mimi nimefuga tangu sijaoa na sina friza. Ndama aachwe anyonye mama yake, mambo yakaisha.

Kiwele Safi

Shikamoo mzee wangu. Kwa ng'ombe aliye sawa na ndama aliyesimama haraka, sikupingi sana, ingawa ukimwachia mwenyewe huwezi kujua kanyonya kiasi gani wala saa ngapi. Ila huyu wa mwenzetu alivuja siku nne. Dang'a lote lilimwagikia kwenye matandiko kabla ndama hajazaliwa. Angenyonya nini?

Babu wa Zizi

Marahaba. Hilo la kuvuja nilikuwa sijalisoma.

Mama Ndama

Mimi nasema kosa halikuwa siku ya kuyeyusha. Lilifanyika miezi mitano nyuma, siku ulipojaza dumu. Bonge la lita tano huwezi kuliyeyusha haraka bila kulipika, hata ungekuwa na subira ya mtume. Yaani ulijitega mwenyewe.

Tumia mifuko mizito ya plastiki ya kufunga kwa zipu. Weka lita moja, toa hewa, ulaze kwenye sinia uwe bapa, unene wa vidole viwili usizidi. Ukishaganda unausimamisha kama kitabu kwenye rafu. Mimi naweka mfuko ndani ya mfuko, maana zipu hizi zina tabia ya kuvuja kwenye pembe, na dang'a likimwagika kwenye friza utalisafisha ukilia. Kabla ya kujaza andika kwa kalamu ya wino usiofutika: tarehe, jina au namba ya ng'ombe, mkamuo wa ngapi. Mfuko ukishalowa kalamu haiandiki, usiseme sikukwambia.

Siku ya kuyeyusha, beseni la maji ya nyuzi 50, si zaidi, na kipimajoto kiwe mkononi. Kidole si kipimajoto. Mifuko bapa inayeyuka huku unamfuta ndama. Maji yakipoa badilisha, pindua mifuko. Mpe yakiwa nyuzi 38 hadi 40, joto la mwili wake. Yakibaki usiyarudishe kugandisha.

Mgeni Zizini

Naomba kudandia uzi. Je, mikrowevu? Na kama ng'ombe wawili wamezaa siku moja naweza kuchanganya nikajaza mifuko pamoja?

Mama Ndama

Mikrowevu inaunguza sehemu moja wakati nyingine bado barafu, ni lile dumu la mwenzetu kwa umeme. Kuchanganya naachia wenye taaluma.

Sindano na Uzi

Nafanya kazi ya kutibu mifugo. Usichanganye. Ng'ombe mmoja mwenye ugonjwa wa Johne (ule wa utumbo), kifua kikuu au salmonela anatosha kuwaambukiza ndama wote watakaokunywa kwenye kundi hilo la mifuko. Tena dang'a zito ukilichanganya na jepesi unashusha lile zito. Mfuko mmoja, ng'ombe mmoja, ambaye unajua afya yake. Lenye damu nyingi au la kiwele chenye uvimbe usilitunze kabisa.

Mtamba wa Pili, wenzangu wameongelea moto sana, mimi nitaongelea ile ndoo. Dang'a ni chakula kitamu kwa bakteria kama kilivyo kwa ndama. Kwenye joto la kawaida wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20, kwa hiyo mmoja ndani ya saa moja ni wanane. Wewe uliliacha tangu asubuhi hadi jioni, tena likiwa vuguvugu. Na hao bakteria hawaleti kuhara peke yake, wanazikamata kingamwili humo utumboni zisipite kwenda kwenye damu. Ulimpa ndama ugonjwa na ukamnyang'anya dawa kwa chupa hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukishakamua, kwenye ndoo iliyooshwa na kukauka, ndani ya saa moja liwe limenyweka au limeanza kupozwa. Kama utalitumia kesho, friji ya nyuzi 4 inatosha kwa siku moja hadi mbili. Lakini usitie ndoo nzima ya moto kwenye friji ukaamini imepoa, katikati itabaki na joto kwa saa nyingi. Gawa kwenye chupa ndogo, zitumbukize kwanza kwenye maji ya barafu.

Vyombo: suuza kwanza kwa maji vuguvugu, ndipo uje na ya moto na sabuni. Ukianza na ya moto protini inashika ukutani kama gundi, na chuchu ya chupa ndiyo nyumba ya bakteria.

Mtamba wa Pili

Asanteni sana. Sindano, hilo la ndoo hata sikulifikiria, nilidhani shida ni maji ya moto tu. Swali: nitajuaje kama dang'a ni zuri kabla sijalitunza? Nimezoea kutazama rangi.

Sindano na Uzi

Rangi inadanganya, kuna la njano lililo hafifu kabisa kwa kinga. Tafuta rifraktomita ya Briksi, kile kidude cha kupimia sukari kwenye matunda. Matone machache tu, ikisoma 22 au zaidi ni zuri kwa mlo wa kwanza na linafaa kutunzwa. Kuna pia boya la kupima uzito wa dang'a, ila hilo linataka maziwa yawe karibu na nyuzi 20 hadi 22. Yakiwa ya moto linasoma chini ya ukweli, yakitoka kwenye friji linasifia kupita kiasi.

Na kamua mapema, ndani ya saa mbili za kuzaa ukiweza. Linavyokaa kiweleni ndivyo maziwa mapya yanavyolizimua.

Mtamba wa Pili

Wakuu, nimerudi. Kazaa juzi usiku, jike! Hakuvuja. Nilikamua ndani ya saa moja, Briksi ikasoma 24. Ndama alikunywa lita mbili na nusu kwa chupa akagoma. Nikataka kumlazimisha kwa mrija wa kupeleka maziwa tumboni, mke wangu akanizuia, na sijawahi kuutumia hata siku moja. Baada ya saa mbili nikampa tena, akamaliza lita moja na nusu. Leo anarukaruka.

Nimebakiza lita tatu za mkamuo wa kwanza kwenye mifuko bapa, na nne za mkamuo wa pili. Zote nimezitia friza.

Sindano na Uzi

Hongera! Mkeo yuko sahihi, mrija ukiingia njia ya hewa unamzamisha ndama. Ujifunze kwa mtu anayejua kabla hujauhitaji. Hiyo ya mkamuo wa pili iandike wazi, maana kinga yake ni kama nusu ya ule wa kwanza. Isije ikawa mlo wa kwanza wa ndama mwingine usiku ambao huoni vizuri. Toa friza, mpe huyu huyu siku hizi mbili tatu, hata kama kingamwili hazipiti tena kwenda kwenye damu, humo utumboni bado zinamfaa.

Mtamba wa Pili

Sikuandika mkamuo wa ngapi. Mifuko yote saba ina tarehe na jina la ng'ombe tu.

Mama Ndama

Nilikwambia kabla ya kujaza, mkuu. Katoe mfuko mmoja mmoja, kata kipande kidogo pembeni, kiyeyuke kwenye kijiko, pima Briksi.