Naomba ushauri: mota ya spindo na inveta kwa mashine ya kukereza ya CNC ninayoifufua

MkerezaNyamagana

Habari za kazi wakuu. Nipo Mwanza, nina karakana ndogo. Kazi zangu kubwa ni shafti na puli za mashine za kusaga, bushi, na vifaa vya makarasha vinavyoletwa na wachimbaji wa Geita. Mwaka jana nilinunua mnadani mashine ya kukereza ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya miaka ya 1980, ya Ulaya. Bedi lake nimelipima kwa dayali geji, halijaliwa hata kidogo ukilinganisha na mashine yangu ya mkono. Kilichokufa ni kompyuta yake na mota ya spindo (mhimili unaozungusha kazi), ambayo ni ya DC. Brashi zimeisha, komuteta imeungua, na fundi wa kusuka mota ameniambia wazi kwamba hii haiwezi.

Kompyuta nimeshamalizana nayo: nimeweka LinuxCNC (programu ya kuongoza mashine) na kadi ya Mesa 7i76E inayoiunganisha na mashine; X na Z, yaani njia mbili za kusogeza kisu, zinatembea vizuri. Kinachoninyima usingizi ni spindo. Nina umeme wa njia tatu hapa. Nimepewa chaguo mbili kwa bei zinazokaribiana: mota ya kawaida ya 7.5 kW ya mizunguko 1450 kwa dakika pamoja na inveta yake (kifaa cha kubadili kasi ya mota kwa kubadili hezi za umeme), au mota ya servo (inayojisahihisha kasi yenyewe) ya 3 kW ya mizunguko 2000 na draivu yake. Aliyeniuzia X na Z anasema servo ni bora kwa kila kitu. Giaboksi ya zamani inapiga kelele sana, nimepanga kuitoa kabisa na kufunga mkanda, puli sawa kwa sawa. Kazi yangu kubwa kabisa ni puli ya mm 250 ya chuma laini, ndogo ni bushi za mm 30. Na lazima nikate nyuzi.

Nisaidieni kabla sijatoa pesa, maana nikikosea sina ya pili.

Chuma_Moto

Mkuu chukua servo. Inashika mzunguko, haiyumbi, na kukata nyuzi ni rahisi. Inveta ni za pampu za maji.

FundiZamani_Tanga

Samahani Chuma_Moto, hapo utampoteza mwenzetu. Nimekereza miaka mingi, na hizi mashine nimezifufua tatu. Kosa ni lile lile kila mara: watu wanasoma kilowati kwenye kibati cha mota halafu wanasahau kuuliza zile kilowati zinapatikana kwenye mzunguko upi.

Ndugu yangu wa Mwanza, kaa na kalamu twende pamoja. Chukua ile puli yako ya mm 250. Kwa kisu cha kabaidi tuseme unakata kwa mita 100 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko kama 127 tu. Ukiingia kina cha mm 2.5 na kisu kikisogea mm 0.25 kila mzunguko, chuma laini kinadai takriban niutoni 2000 kwa kila milimita ya mraba, kwa hiyo kisu kinasukumwa kwa niutoni 1250. Zidisha kwa nusu ya kipenyo, mita 0.125. Unapata Nm 156. Hiyo ndiyo toki, nguvu ya msokoto, ambayo spindo yako lazima iwe nayo pale kwenye chaki, kishikio cha kazi.

Sasa angalia nguvu yenyewe: niutoni 1250 mara mita 100 kwa dakika, gawa kwa 60, ni kama 2.1 kW. Ndiyo maana muuzaji anakuambia 3 kW inatosha. Kwa kilowati inatosha. Kwa toki haitoshi hata karibu. Kanuni ni kilowati mara 9550 gawa kwa mizunguko. Servo yako: 3 × 9550 ÷ 2000, ni Nm 14. Ukiifunga puli sawa kwa sawa, una Nm 14 mahali panapotaka 156. Kisu kitagusa chuma na spindo itasimama. Servo inaweza kutoa mara mbili au tatu ya hiyo, lakini kwa sekunde chache tu, na wewe unakereza puli kwa dakika nyingi.

Mota ya 7.5 kW: 7.5 × 9550 ÷ 1450, ni Nm 49. Nayo peke yake haitoshi. Inatosha ukiwa na gia ya kupunguza, walau 3.5 kwa moja. Kwa hiyo ile giaboksi unayotaka kuitupa ndiyo inayobeba mashine yako. Nakusihi usiitupe. Ifungue kwanza uone kelele inatoka wapi.

MkerezaNyamagana

Mzee, shikamoo. Nimesoma mara tatu. Kwa hiyo hata ningenunua inveta kubwa zaidi, mota ile ile isingeongeza toki kwenye mizunguko midogo?

FundiZamani_Tanga

Marahaba. Isingeongeza. Chini ya 50 Hz, hezi za umeme wa kawaida, mota ya kawaida inatoa toki ile ile, lakini kilowati zinashuka pamoja na mzunguko. Kwenye 10 Hz mota ya 7.5 kW imebaki na 1.5 kW. Juu ya 50 Hz kilowati zinabaki na toki ndiyo inashuka. Hilo la juu halikusumbui, kwa sababu bushi ya mm 30 inataka mizunguko mingi na msokoto mdogo. Shida yote iko chini, na dawa ya chini ni gia.

Dada_Umeme

Habari wakuu. Mimi ni fundi umeme wa viwandani, Nairobi. Hesabu za mzee ni sahihi, naongezea upande wangu.

Kwanza soma kibati cha mota kabla ya kulipa. Mota ya 7.5 kW kwa kawaida imeandikwa 400/690 V, maana yake kwenye 400 V unaifunga delta (delta na sta ni namna mbili za kuunga nyaya za mota). Ndogo, kama za 3 kW, mara nyingi ni 230/400 V na hizo zinafungwa sta. Nimeona mota ya 7.5 kW iliyofungwa sta kwenye inveta: haina nguvu, inapata joto, na mwenye karakana akalaumu inveta wiki nzima. Kufungua kifuniko cha visanduku vya nyaya na kupanga vile vibati vitatu vya shaba ni kazi ya dakika tano.

Pili, inveta ichaguliwe kwa ampea, si kwa kilowati. Mota hiyo inakula kama ampea 15. Kwa spindo ya kukereza ningechukua inveta ya 11 kW, ili wakati kisu kinapoingia kwenye kazi isiyo duara bado ina nafasi. Iwe ya vekta, inayodhibiti toki, siyo ile inayopandisha volti na hezi tu kama ya feni. Baada ya kuifunga, ifanyie zoezi la kuisoma mota kabla hujaweka mkanda. Watu wengi wanaliruka, halafu wanashangaa spindo inalegea kwenye mizunguko midogo.

Tatu, feni. Feni ya mota imekaa kwenye shafti yake yenyewe. Ukiiendesha kwa 15 Hz nusu saa, feni inazunguka polepole na mota inaiva. Weka feni ya pembeni yenye umeme wake.

Nne, breki. Chaki ya mm 250 ni chuma kizito. Ukiamuru isimame kwa sekunde mbili, mota inageuka kuwa jenereta na umeme unarudi kwenye inveta. Ndani yake kuna kama volti 565 za DC tayari, zikipanda karibu na 800 inajizima na chaki inaendelea kuzunguka bila breki. Rezista ya breki ni lazima, na iwekwe nje ya kabati maana inachoma. Kabati lenyewe lifungwe vizuri: vumbi la chuma cha kutupwa linapitisha umeme, na likiingia ndani ya inveta umeipoteza.

Chuma_Moto

Nakubali dada, na mzee pia. Mimi natumia servo kwenye mashine ya vipande vidogo vya shaba, sikuwahi kuweka kitu cha mm 250. Nilisema kwa uzoefu wangu tu.

Kereza_Arusha

Mkuu, kabla ya rezista ya breki, angalia chaki imefungwaje kwenye spindo. Kama ni ya kufunga kwa nyuzi, breki ya ghafla au kuzungusha kinyume itaifungua. Kwangu ilitokea. Nilikuwa nimeweka inveta mpya, nikapunguza muda wa kusimama hadi sekunde moja nikiona ni maendeleo. Chaki ikajifungua, ikadondoka kwenye bedi, ikabingirika hadi ukutani. Kijana wangu alikuwa amesimama hatua mbili pembeni. Hadi leo nikisikia chuma kikianguka moyo unashtuka. Kama ni ya pini za kufunga kwa kamu, hapo uko salama. Kama ni ya nyuzi, acha isimame kwa sekunde nane au kumi na uwe na subira.

Pia tafuta mizunguko ya juu iliyogongwa kwenye uso wa chaki. Inveta haijui chaki yako, itaipeleka popote utakapoiambia. Funga kikomo kwenye inveta yenyewe, usitegemee programu peke yake. Na unapotumia G96 (amri ya kushika kasi ile ile ya kukata), usisahau kuweka D, namba ya kikomo cha mizunguko, kwa sababu kisu kikikaribia katikati LinuxCNC itaendelea kupandisha mzunguko.

FundiZamani_Tanga

Kuhusu nyuzi: kinachokata nyuzi vizuri si servo, ni enkoda, kifaa kinachosoma spindo imezunguka kiasi gani. Na enkoda ikae kwenye spindo, isikae kwenye mota. Ukiiweka kwenye mota, kila ukibadili gia hesabu inabadilika, na mkanda ukiteleza kidogo uzi umeharibika. Chukua ya mistari 1024 yenye alama ya kuanzia, ifunge kwa mkanda wa meno, mzunguko mmoja kwa mmoja. Uzi unakatwa kwa kupita mara kumi au zaidi, na kila mara kisu lazima kianzie pale pale. Ile alama moja ndiyo inayokikumbusha. Spindo ikipungua kasi kisu kinapozama, Z nayo inapungua pamoja nayo, kwa hiyo uzi hauharibiki. Kadi yako ina sehemu ya enkoda ya spindo na ya kutoa 0 hadi 10 V kwenda kwenye inveta.

Dada_Umeme

Waya wa enkoda uwe mbali na kebo ya mota, na kebo ya mota iwe na ngao ya nje iliyoungwa ethi pande zote mbili. Jambo la mwisho: umeme ukikatika na kurudi, spindo isiwake yenyewe. Hakikisha kwenye mipangilio ya inveta kuwasha upya kumezimwa.

MkerezaNyamagana

Wakuu nimerudi. Nimefungua giaboksi jana. Mafuta yalikuwa meusi na mazito kama lami, lakini meno ya gia yote mazima. Kelele ni beringi mbili za shafti ya kati, ukizizungusha kwa kidole unahisi vijiwe. Niliweka alama ya rangi kwenye shafti ya kuingilia na nyingine kwenye chaki, nikazungusha kwa mkono nikihesabu: gia ya chini ni nne kwa moja, ya juu ni 1.4 kwa moja.

Kwa hiyo mota ya 7.5 kW inanipa Nm 197 kwenye gia ya chini, nikitoa msuguano bado niko juu ya 156. Mzunguko wa 127 utakuwa mota kwenye 508, kama 17.5 Hz, na feni ya pembeni nimeshaagiza. Chaki ni ya kamu, na imegongwa 1600. Kwenye gia ya juu hiyo ni mota kwenye 2240, kwa hiyo kikomo cha inveta naweka 77 Hz.

Servo nimeirudisha kwa aliyenionyesha. Inveta nachukua ya 11 kW na rezista yake. Jumamosi nafunga beringi mpya, halafu napima nyuma ya spindo kama puli ya enkoda inapata nafasi, maana bomba la mafuta linapita karibu sana hapo. Nikikwama nitaweka picha.

FundiZamani_Tanga

Bomba lipinde, enkoda usiihamishe.