Injini ya Lister ya mashine ya kusaga imeganda kwa kutu, nianzie wapi?

Mwana_wa_Msagishaji
Shikamooni wakubwa. Marehemu baba ametuachia mashine ya kusaga hapa Ludewa, inayoendeshwa na injini ya dizeli ya Lister 6/1 ya silinda moja, ile ya flaiwili mbili (magurudumu mazito ya pembeni). Umeme ulipofika kijijini wateja walihamia mashine za mota, hii ikasimama. Bati la banda limeng'oka na mvua imeingia kwenye ekzosi. Flaiwili haisogei kabisa. Wengine wananishauri nivute kwa trekta, wengine nimimine soda nyeusi ndani. Natamani sana ingurume tena, na mama pia anaitaka. Nianzie wapi?

Fundi_wa_Kinu
Marahaba mwanangu, pole kwa kufiwa. Trekta usiliite. Hiyo Lister karibu yote ni chuma cha kusubu, ambacho hakipindi, kinapasuka. Ukilazimisha flaiwili huku pistoni imeshika, utapinda konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki, ule mhimili unaozungusha flaiwili) au utapasua kitu ambacho huwezi kukipata dukani. Soda nayo ina asidi kidogo, ila ni maji na sukari, na maji ndiyo yaliyokufikisha hapo.

Kwanza jua kilichoshika. Mwaga oili, fungua mfuniko wa ubavuni, legeza kepu ya konrodi. Flaiwili ikizunguka, krenki ni nzima na ugonjwa uko kwenye pistoni. Mara nyingi ndivyo ilivyo: injini ilizimika vali ya ekzosi ikiwa wazi, maji yakashuka moja kwa moja juu ya pistoni.

Fungua hedi, yaani kichwa cha juu cha silinda. Kutu utakayoiona kwenye ukuta wa silinda juu ya pistoni isafishe kwa msasa laini na dizeli KABLA ya kusogeza chochote. Wengi huruka hapa, halafu ringi (pete za pistoni) zinapanda juu ya ile kutu na kukwama zaidi. Kisha mimina oili ya giaboksi ya otomatiki iliyochanganywa nusu kwa nusu na asetoni. Usipopata asetoni, dizeli na mafuta ya taa vinafaa, ila vinachelewa. Acha inywe. Asubuhi ongeza, jioni ongeza. Kila unapoongeza, weka kipande cha mti mgumu chenye upana wa pistoni, gonga kwa nyundo ya mbao. Gonga tu, usipige kama unapigilia msumari. Kinachotakiwa ni mtikisiko upeleke mafuta kwenye ringi. Ikisogea unene wa ukucha, usishangilie na kuisukuma hadi mwisho. Irudishe, mimina, isogeze tena.

Gereji_ya_Makambako
Naongezea kuhusu nati za ekzosi, maana hizo zitakusumbua. Ondoa tangi la dizeli, futa asetoni yote, sogea mbali na chupa yake, ndipo uwashe gesi. Pasha nati yenyewe, siyo studi (ile bolti isiyo na kichwa inayoshikwa na nati), mpaka iwe nyekundu ya mbali. Ikianza kupoa iguse na mshumaa, nta itanyonywa kwenye nyuzi. Studi ikikatika, chomelea nati mpya juu ya kisiki. Ule moto wenyewe husaidia kuilegeza.

Mwana_wa_Msagishaji
Asanteni sana. Konrodi nimeifungua, krenki inazunguka laini! Pistoni naendelea kuilowesha. Ikitoka, niwashe?

Fundi_wa_Kinu
Hapana, bado! Kagua pampu ya dizeli. Ile fimbo inayopunguza na kuongeza mafuta lazima iteleze kwa kidole, na gavana (kidhibiti kasi) iirudishe bila kukwama. Fimbo ikiwa imeganda upande wa kutoa mafuta mengi, injini itapanda kasi bila kukoma, na flaiwili zile zikipasuka zinaua. Kasi yake ni mizunguko 650 kwa dakika, isizidi. Siku ya kuwasha weka kipande cha ubao karibu na mdomo wa hewa. Ikikimbia, ziba kwa ubao, siyo kwa mkono. Mama na watoto wasisimame usawa wa flaiwili. Na oili mpya, tafadhali, ile ya zamani ulishaimwaga, na yale mafuta ya kulowesha yaliyoshuka chini yamwage kwanza.