Mjadala: Mzee wa kanisa awekewe ukomo wa vipindi?

Berea:
Sabato njema wapendwa. Naweka hoja mezani kwa ajili ya makanisa yetu ya Waadventista wa Sabato. Mzee wa kanisa akitumika vipindi viwili vya miaka miwili miwili, apumzike angalau kipindi kimoja. Kanuni ya Kanisa, kitabu cha taratibu zetu, inatuambia si vyema mtu mmoja akae katika nafasi hiyo bila kikomo, ila inaruhusu achaguliwe tena, na sisi tumeng'ang'ania sehemu hiyo ya pili tu. Mzee kiongozi anakaa miaka kumi na tano. Zamu za mahubiri anazijua yeye, wagonjwa wa kutembelewa anawajua yeye, na akihama au akifariki kanisa linaanza kuulizana. Vijana wenye familia zao bado wanapewa kazi ya kupanga viti.

Karani_T:
Ndugu Berea, ugonjwa umeuona, dawa siyo hiyo. Kanuni hubadilishwa na wajumbe wa Konferensi Kuu, yaani uongozi wa kanisa la ulimwengu, katika mkutano wao mkuu, siyo na kanisa mahalia. Kanisa letu linachoweza kuamua ni kipindi kiwe cha mwaka mmoja au miwili. Mkipitisha ukomo wenu, halafu kamati ya uchaguzi ikaleta jina la mzee yuleyule na washiriki wakapiga kura, ameshachaguliwa.

Pa kurekebisha ni kwenye kamati yenyewe. Mwanzoni mwa robo ya mwisho ya mwaka, kanisa linaunda kwanza kamati ya kupanga. Njia ni mbili: washiriki wanataja majina palepale, kila mmoja jina moja tu, au baraza la kanisa linaongezewa watu watano hadi saba waliochaguliwa na kanisa. Kamati hiyo ndiyo inayopendekeza wajumbe wa kamati ya uchaguzi, na kanisa linawapigia kura. Sasa angalieni mambo yanapoharibika. Njia ya baraza ikitumika mwaka hadi mwaka, wanaoshika nafasi ndio wanaochagua watakaowachagua. Majina yakitajwa palepale bila kusimamiwa, ukoo mmoja au kwaya moja inataja matano mfululizo.

Kosa la pili ni haraka. Taarifa ya kamati ya uchaguzi inapaswa kuletwa angalau wiki tatu kabla ya Sabato ya mwisho ya mwaka wa kanisa. Inasomwa mara ya kwanza, na kura inapigwa katika usomaji wa pili, kwa kawaida wiki moja au mbili baadaye. Wiki hizo zimewekwa ili mwenye pingamizi aende kwa mwenyekiti kwa faragha, kamati imsikilize. Zipo sehemu wanasoma na kupiga kura siku hiyohiyo, eti mchungaji wa mtaa ana makanisa manane na hatarudi karibuni. Hapo pingamizi halina pa kwenda, linaishia uani baada ya ibada.

Dorkasi:
Kuna jambo mmelipita. Mzee aliyechaguliwa ambaye hajawekewa mikono, yaani hajawekwa wakfu, anaweza kuongoza kanisa, lakini hawezi kuendesha Meza ya Bwana. Kanisa la kijijini lenye wazee wawili, mkiwapumzisha wote kwa pamoja na kuweka wapya, mtaisubiri Meza ya Bwana mpaka mchungaji afike kuwawekea mikono. Kwa hiyo msiwabadilishe wote mwaka mmoja. Abaki mmoja, mwingine apishe. Na anayepishwa asidhani amevuliwa kitu: akichaguliwa tena baadaye, hata katika kanisa jingine, hawekewi mikono upya, mradi amedumu kuwa mshiriki. Naona hofu ya kupoteza heshima ndiyo inayowafanya wengi wang'ang'anie.

Pia, tunalalamika hatuna watu wa kuwapokea wazee, na nusu ya kanisa hatuiangalii. Akina mama ndio wanaoongoza madarasa ya Shule ya Sabato na kutembelea wafiwa. Wazee wa kanisa wanawake wapo wapi?

Mlinzi wa Lango:
Dada Dorkasi, hilo lilikwisha kwenye mkutano mkuu wa San Antonio, Marekani, mwaka 2015. Kanisa la ulimwengu lilikataa.

Karani_T:
Hapana, mpendwa. Kura ya San Antonio, 1,381 za kukataa dhidi ya 977 za kukubali, iliuliza kama divisheni, yaani kanda kubwa za kanisa la ulimwengu, ziruhusiwe kuamua zenyewe juu ya kuwawekea mikono wanawake kwa huduma ya injili, yaani uchungaji. Uzee wa kanisa mahalia una maamuzi yake, ya 1975 na 1984, yaliyofungua mlango kwa wanawake na kuziachia divisheni utekelezaji. Kamati inayotaka kupendekeza jina la mama iulize konferensi yake, yaani uongozi wa makanisa ya eneo lake, mapema, kabla ya kuzungumza naye. Kumzuia mtu kwa kura isiyohusu nafasi yake ni kumdhulumu.

Mlinzi wa Lango:
Nimekuelewa kuhusu kura. Kimaandiko bado nasimama na 1 Timotheo 3, "mume wa mke mmoja".

Dorkasi:
Ukiisoma hivyo, kapera naye hafai, na Paulo mwenyewe anabaki nje. Sifa inayotajwa pale ni uaminifu wa ndoa.

Berea:
Naibadili hoja yangu. Badala ya ukomo, kanisa liombe mambo matatu kwenye mkutano wa washiriki: kamati ya kupanga itokane na majina yanayotajwa na washiriki, usomaji wa pili usirukwe, na kila mzee awe na msaidizi anayejifunza kazi mwaka mzima, akiwa na daftari la zamu na la matembezi.

Karani_T:
Mawili ya kwanza naunga mkono. Msaidizi ana hatari yake: ikifika robo ya mwisho, kamati itamwona kama mrithi na itaacha kutafuta. Mzee asimteue peke yake. Jina lake lipitie baraza, na kamati iambiwe wazi kwamba haifungwi nalo.