Nyumba ya kuuza: nianze na rangi au na ukuta unaotoa chumvi?

Mtoto wa Mzee:
Habari zenu wakuu. Tumekubaliana na ndugu zangu tuuze nyumba ya mzee, imekaa tupu muda sasa na hela ya matengenezo siyo nyingi. Kila mtu ana lake, huyu anasema piga rangi nje ndani, yule anasema badilisha jiko ndo bei ipande, dalali naye anataka tuiache kama ilivyo. Mimi kinachonisumbua ni ukuta wa chumba cha nyuma, kuanzia chini mpaka usawa wa goti rangi imevimba, ukigusa inabanduka na ndani kuna ungaunga mweupe. Halafu bafuni kunanuka choo na hakuna anayekitumia. Nianze wapi jamani?

Fundi Plasta:
Mkuu rangi iwe ya mwisho kabisa. Huo unga ni chumvi, maji yanapanda ndani ya ukuta, yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki na ndo inasukuma rangi. Ukipaka juu yake itavimba tena, na ya mafuta ndo mbaya zaidi maana inaziba unyevu usitoke.
Zunguka nje uangalie upande huohuo, udongo umepanda kupita sakafu ya ndani? gata linamwaga hapo? kuna koki inavuja? Ondoa chanzo kwanza, kisha bandua plasta iliyooza, ukuta ukauke vizuri ndo upige mpya, nayo uipe kama wiki 4 kabla ya rangi. Chumvi itoe kwa brashi kavu, ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani.
Kama una wasiwasi bandika kipande cha nailoni ukutani, seloteipu pande zote 4 hewa isipite, kesho yake angalia. Matone yakiwa upande wa ukuta basi maji yamo ukutani, yakiwa upande wa chumba huo ni mvuke tu, fungua madirisha.

Mama Wawili:
Pole kaka. Harufu ya bafuni isikutishe sana, chini ya sinki na kwenye tundu la sakafuni kuna bomba lililopinda, pale panakaa maji yanayozuia hewa ya shimo isipande, nyumba ikikaa bila watu yanakauka. Mwaga maji kila tundu, flashi choo, rudia kila wiki mpaka muuze. Ikiendelea kunuka hapo ndo umuite fundi bomba.
Jiko achana nalo, atakayenunua ana mapendeleo yake anaweza kuling'oa lote. Vitasa vilegevu, bawaba zinazolia, balbu zilizoungua, vioo vyenye vumbi, hivyo ndo mgeni anavishika na kuviona akiingia tu na havili hela.

Jirani wa Mwisho:
Naongeza mawili. Funga koki zote usome mita ya maji, kaa saa moja bila kutumia maji usome tena, ikisogea kuna mahali panavuja na pengine ndo panapolowesha huo ukuta. La pili nyufa. Nyembamba kama unywele mara nyingi ni plasta tu, ila ukiona unaoanzia kona ya dirisha ukapanda mshazari na ni mpana zaidi ya milimita 5, muite mhandisi kabla hujaanza kuziba.

Mtoto wa Mzee:
Asanteni sana aisee. Nimeenda kuangalia, mita haisogei, ila nyuma kuna bustani ya maua ya mama na udongo umelala ukutani umepita usawa wa sakafu ya ndani kabisa. Kesho tunaushusha. Sasa mteja akija kabla ukuta haujakauka nimwambieje? Dalali anasema nisogeze kabati pale.

Fundi Plasta:
Kabati hapana mkuu, wanunuzi wengi wanakuja na fundi wao na kitu cha kwanza ni kusogeza vitu ukutani, akikuta umeficha ataanza kuhofia na paa na nyaya ambazo ni nzima. Mwambie chanzo kilikuwa udongo, mwonyeshe ulipoushusha, picha za kabla na baada na risiti za plasta. Na huo udongo ukiushusha uache mteremko maji yakimbie kutoka kwenye msingi, mvua inayofuata nenda ukasimame pale uone yanaelekea wapi.