Bosi ananifokea mbele ya wateja, hasira nazihamishia kwa mwanangu

MamaNaa_Nkuhungu: Wakuu habari za jioni. Nipo duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma mjini, nakaa kaunta na mahesabu, mwaka wa pili huu. Mshahara bosi halazi, ila mdomo wake jamani. Juzi nimekosea risiti, mifuko 15 ya saruji nimeandika 50, mteja mwenyewe ndo kaona tukacheka yakaisha, bosi katoka ndani "hivi wewe cheti ulisomea au ulinunua?" mafundi wote wapo pale, nimeganda na kalamu mkononi. Sasa nikisikia gari lake linapaki tu tumbo linakata. Kinachoniuma zaidi, jioni mtoto akiuliza kitu kidogo namfokea kwa maneno yaleyale ya bosi. Jana kajificha nyuma ya pazia. Kuacha siwezi, kodi inaisha mwezi wa tatu.

Vumbi_la_Kizota: Pole sana dada. Mimi wangu alikua anapiga saa nne usiku kuulizia funguo za stoo. Nilichofanya nikawa nashuka daladala vituo viwili kabla, natembea. Mwezi wa saba ule upepo wetu unakupiga vumbi la uso lakini nikifika home nishaongea peke yangu yote, mpaka matusi 😂 nikiingia ndani nimebaki baba tu.

Kaka_Stoo: Mfate asubuhi kabla hamjafungua, akiwa peke ake, sio siku aliyokufokea. Mwambie "bosi nikikosea niite ndani uniseme, mbele za wateja nachanganyikiwa nakosea zaidi". Usilie wala usianze kumkumbusha ya mwaka jana. Wangu alikaa kimya akasema haya kafungue geti, basi, ila kelele zilipungua. Zilipungua sio ziliisha.

Mzee_wa_Zabibu: Mwanangu usije ukaandika barua ya kuacha kazi kwa hasira. Sheria ya ajira ya 2004 inatambua kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike mpaka ukaondoka ni kama kakuachisha yeye, ila kuthibitisha ni juu yako na unatakiwa ufike CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Kwahiyo nunua kidaftari, andika tarehe, alisema nini, nani alikuwepo. Na hilo tumbo likiendelea usingizi ukakata, nenda Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Najua hapa mjini ukitaja Mirembe watu wanacheka, wacheke, mimi nilienda nikaongea na mtu nikarudi kazini siku hiyohiyo.

MamaNaa_Nkuhungu: Asanteni wote, mzee shikamoo. Leo nimemuomba mtoto msamaha, kanisikiliza weee halafu ananiuliza "kwani bosi wako na yeye anafokewa na nani?" Nimekosa jibu. Kesho natoka na daladala ya kwanza nimkute kabla ya mafundi.