Chembe nano za majani ya chai: rangi ikipotea, sumu imekwisha?

Muulizaji: Wakuu, nilichemsha majani ya chai ya kijani, nikachuja, nikamimina kwenye myeyusho wa chumvi ya chuma. Papo hapo ukawa mweusi tii, yaani chembe nano (chembe ndogo mno) za chuma! Nilipoutia kwenye maji yenye kromiamu (metali inayoweza kuwa sumu), unjano wake ulififia. Yamesafika?

Jibu: Hongera, ila bado. Metali haiozi. Kromiamu-6, aina ya njano yenye sumu kali, imegeuka kromiamu-3, yenye sumu ndogo zaidi. Pandisha pH (kipimo cha uasidi wa maji) ifike 8 hivi ili kromiamu ituame, ndipo uchuje.

Muulizaji: Nimefanya. Tope zito la kahawia limekaa chini ya chombo.

Jibu: Tafadhali usilimwage, karibu metali yote imo humo! Na maji uyapime maabara: kikomo cha kromiamu cha WHO (Shirika la Afya Duniani) kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.05 kwa lita, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona.